Mistari Miwili Hafifu

Siku tuliyomzika Dokta Kalisti, Odilia alivaa koti jeupe la marehemu, akajifunga kitambaa puani, akasimama mbele ya jeneza na kidole mdomoni. Watu wakanyamaza. Kwaya nayo ikanyamaza. Akatupitia mmoja mmoja akitukodolea macho, kisha akauliza kwa sauti ileile nyembamba ya Dokta, “Nani amepumua hapa?” Odilia ni Mngoni na marehemu alikuwa Mhehe, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumkemea. Utani ni haki yake, na msibani ndipo anapoichukua yote kwa mkupuo. Alimwonya padri anyunyize maji ya baraka kwa kipimo, asichafue sampuli. Aliketi juu ya lundo la udongo wa kaburi akakataa kutoka mpaka shemeji wa marehemu alipomwahidi jogoo. Wageni waliotoka Iringa walicheka kwa adabu. Sisi wachache tuliofanya kazi na yule mzee tulicheka mpaka tukashikana mabega, na katikati ya kicheko nikagundua kwamba uso wangu umelowa.

Kesho yake, kabla ya kurudi Morogoro ninakoishi sasa, nilichukua bodaboda mpaka Lizaboni, hapahapa Songea, kuitazama nyumba niliyopanga mwaka niliofanya kazi na Dokta. Kijana wa bodaboda aliniuliza, “Mama, unatafuta kiwanja?” Nikamwambia natafuta dirisha. Dirisha lilikuwepo, ila limewekwa vioo vya aluminiamu, na ukuta wa matofali ya kuchoma umepigwa lipu na kupakwa rangi ya kijani. Mbele, mahali palipokuwa na jiko la kuni, sasa kuna mtu anauza vocha na kutengeneza chaja. Nilisimama ng’ambo ya barabara nikiwa mwanamke wa makamo mwenye mkoba, na palepale nikasikia harufu ya likolo, ile mboga ya majani ya huku, ikichemka pamoja na karanga kwenye chungu ambacho hakipo tena. Mtu hukumbuka kwa pua kwanza. Vichwa vyetu huja nyuma, vikihema.

Chumba changu kilikuwa cha kwanza mkono wa kushoto. Kuta za ndani hazikufika darini, kwa hiyo kila kilichosemwa sebuleni kilinifikia kitandani, na kila nilichosema usingizini kilimfikia Bibi Gaudensia, mwenye nyumba. Alikuwa mjane, mfupi, mwenye sauti iliyoweza kusimamisha baiskeli upande wa pili wa barabara. Asubuhi ya kwanza kabisa, nilipotoka na mswaki wangu na kumwamkia “Shikamoo, bibi,” aliitikia, “Marahaba, mwanangu,” kisha akanikazia macho. “Umelala unamtaja mtu anaitwa Kimeng’enya. Ni kijana wa wapi huyo?” Nikamwambia si kijana, ni kitu cha kazini, kinakata damu. “Mh,” akasema Bibi Gaudensia, “kama anakata damu, usimlete hapa.” Kwa mwaka mzima aliendelea kuniuliza habari za Kimeng’enya, kama yu mzima, kama ameniandikia, na kama wazazi wake wana nia.

Kazi yenyewe ilikuwa katika chumba kimoja nyuma ya hospitali, mahali palipowahi kuwa stoo ya magodoro. Mradi ulikuwa mdogo na ulikuja kwa mwaka mmoja tu: kuangalia watoto wachanga wa familia zenye sikoseli. Tulikuwa watu watatu. Dokta Kalisti ndiye mkuu, mrefu, mwenye upara unaong’aa na woga wa uchafu uliozidi wa mtu yeyote niliyewahi kumfahamu. Odilia, fundi wa maabara, alikuwa mwenyeji na mwenye mkono mwepesi kuliko sisi sote. Mimi, Zuhura, nilikuwa nimemaliza chuo juzi tu, nikiwa na miaka ishirini na minne na mdomo usiopumzika. Nilizungumza nikipima, nilizungumza nikiosha vyombo, nilizungumza na mashine. Dokta alinivumilia kama mtu anavyovumilia redio ya jirani.

Kitu tulichokitafuta kilikuwa kidogo mno, na udogo wake ndio ulionifanya nisilale wiki ya kwanza. Ni herufi moja. Maandishi yote yanayomuumba mtu yamekaa sawa, isipokuwa katika neno moja herufi imekaa mahali pa mwenzake, na kwa sababu hiyo chembe nyekundu ya damu, ambayo inapaswa kuwa kama kitumbua kilichobonyea katikati, inapinda kama mundu na kukwama kwenye mishipa. Mtu akirithi neno lenye kosa kutoka kwa mzazi mmoja tu, anaishi kama watu wote. Akilirithi kwa wazazi wote wawili, anaugua. Huwezi kuiona herufi hiyo kwa darubini. Kwa hiyo tulichukua tone la damu kwenye kadi ya karatasi nene, tukaliacha likauke, tukatoboa kiduara kama cha punje ya ulezi, tukakichemsha, kisha maji yake tukayatia katika mashine iliyopasha na kupoza, ikapasha na kupoza, mpaka lile neno moja likanakiliwa mara nyingi kiasi cha kuweza kuonekana. Mashine hiyo Odilia aliiita Jiko. Kisha tukamleta Kimeng’enya, mkasi wetu. Yeye hujua kusoma neno moja tu: akilikuta neno zima, analikata vipande viwili, akikuta herufi imebadilika, analipita kama hajaliona. Mwisho tulimimina vipande kwenye visima vidogo vya jeli iliyoganda kama uji wa jana, tukapitisha umeme, na vipande vikakimbia, vifupi mbele, virefu nyuma. Chini ya taa ya zambarau ungeona mistari. Mistari miwili ya chini: mtoto mzima. Mistari mitatu, mmoja juu na miwili chini: amebeba, lakini haugui. Mstari mmoja tu, juu, peke yake: mgonjwa.

Umeme wa Songea siku hizo ulitoka kwenye mashine za dizeli, nao ulikuwa na tabia ya kutuacha katikati ya safari. Odilia alikuwa na matusi maalumu ya Kingoni kwa saa hiyo, na Dokta, ambaye aliyaelewa, alijifanya hayaelewi.

Nimeshasema nyumba haikuwa na siri. Ndiyo maana, kabla hata sijamjua vizuri Leokadia, binti ya Bibi Gaudensia, nilikuwa nimeshajua huzuni yake. Alikuja kwa mama yake akiwa na mimba kubwa, akitokea Lusewa ambako mume wake alifundisha shule ya msingi. Watu walimwita Mama Yordani, na Yordani hakuwepo. Alikuwa amefariki kabla hajafikisha miaka miwili. Jioni moja nilimsikia nyuma ya ukuta akimwambia mama yake, pole pole, kama anasimulia habari za mtu mwingine, jinsi vidole vya mtoto vilivyovimba wakasema ni baridi, wakamkanda kwa mafuta. Vikavimba tena wakasema ni jicho la mtu, wakamfunga hirizi. Na siku walipofika hospitali na kuambiwa jina la ugonjwa, mtoto alikuwa ameshachoka. “Jina lilikuja yeye akiondoka, mama. Huyu nataka nijue mapema. Hata kama ni baya, nijue.” Nilimsikia Bibi Gaudensia akiokota kuni, akizirudisha chini, akiziokota tena.

Fotunata alizaliwa mvua zikiwa zimechanganya, mweupe wa kuzaliwa, mwenye nywele nyingi na hasira. Hospitali ilikuwa na kipimo chake cha kawaida cha sikoseli, lakini kwa mtoto mchanga hakikusaidia; damu ya tumboni bado humjaa na kuuficha ugonjwa kwa miezi. Sisi peke yetu, kwenye stoo ya magodoro, tungeweza kumjibu Leokadia akiwa bado ndani ya arobaini. Wazazi wote wawili tulishawapima: mistari mitatu, mistari mitatu. Na kwa kuwa mzazi hakutoka nje, na mimi nililala ukuta wa pili, Dokta alinituma nikachukue damu ya mtoto nyumbani. Nilinawa, nikafuta kisigino kwa spiriti, nikachoma, nikagusisha kadi. Mtoto alinitukana kwa lugha yake. Bibi akasema, “Mwache aseme, anakujua sasa.”

Niliendesha kipimo kile mwenyewe, nikiongea njia nzima. Nilipowasha taa ya zambarau nikaona, kwenye njia ya Fotunata, mstari wa juu uliokoza, na chini yake, jamani, mistari miwili. Ilikuwa hafifu, kama iliyochorwa na penseli inayoisha, lakini ilikuwepo. Nilipiga kelele. “Mitatu! Amebeba tu! Haugui!” Nilikuwa nimeshavua glavu ya mkono mmoja nikielekea mlangoni, nikimbie barabara nzima mpaka Lizaboni, Dokta aliponishika koti kwa nyuma.

“Hebu tazama njia ya mwisho,” akasema.

Njia ya mwisho ilikuwa ya maji. Kila mara tuliweka kijichupa cha maji matupu, kwa sababu Jiko halichagui: ukilipa damu ya mtoto litanakili mtoto, ukilipa mba wa kichwani mwako litakunakili wewe. Maji hayana wazazi, kwa hiyo hayapaswi kuwa na mstari wowote. Siku ile maji yalikuwa na kivuli cha mistari miwili, chini.

“Maji yamezaliwa,” akasema Odilia. “Na hayaumwi. Tumshukuru Mungu.”

Dokta hakucheka. Alinigeukia akavua miwani. “Zuhura, unajua haya maji ni ya nani? Ni yako. Unaongea juu ya vijichupa kama mtu anayemwagilia bustani. Kuanzia leo, ndani ya chumba hiki hakuna kusema. Si neno. Na wewe Odilia, hakuna kuimba.” Kisha akasema lile ambalo Odilia alilirudia juu ya kaburi lake: “Na kama inawezekana, pumueni nje.”

“Na majibu ya mtoto?”

“Hakuna majibu. Hatumpi mama yule mistari ya penseli inayoisha. Ukifungua mdomo huko nyumbani, rudi kwenu.”

Ndipo yakaanza majuma magumu kuliko yote niliyowahi kuyaishi. Mchana nilifanya kazi kama bubu. Odilia na mimi tulitunga lugha ya mikono: kidole kimoja juu ya kichwa kilikuwa Dokta, viganja viwili vinavyopepea vilikuwa umeme umekatika, na ile ishara ya “Jiko limekwama tena” siwezi kuieleza kwa maandishi. Mara moja Dokta alitukuta tukicheka bila sauti, machozi yakitutoka, akadhani tumevuta kemikali, akafungua madirisha yote. Nikitoka kazini mdomo wangu ulikuwa umejaa maneno ya siku nzima kama mtungi. Na nyumbani, mlangoni, alikuwa ananingoja Bibi Gaudensia na chakula.

Hakuniuliza moja kwa moja, hapana. Alipika. Jioni ya kwanza ilikuwa ugali wa dona na likolo la karanga, akanitazama nikila, akasema, “Mtu akishiba hukumbuka mambo.” Jioni ya pili dagaa wa Nyasa waliokaangwa mpaka wakalia chini ya meno. “Kazini hamjambo?” Hatujambo, bibi. “Na mashine haijambo?” Haijambo. “Na Kimeng’enya?” Mzima. “Amesemaje kuhusu mtoto?” Nikatia tonge kubwa mdomoni. Siku nyingine alileta samaki mbasa mzima, kutoka Mbamba Bay, mkubwa kupita sahani, kichwa kikinitazama upande huu na mkia ukining’inia upande ule. Leokadia alikaa kwenye kigoda na mtoto kifuani, hali, hasemi, ananiangalia tu. Macho yake ndiyo yaliyonitesa kuliko yule samaki. Ningeweza kusema. Mistari mitatu ilikuwa mdomoni mwangu, mitamu kuliko mbasa, na kila jioni niliimeza pamoja na ugali mpaka sketi ikakataa kufunga.

“Huyu binti anajua kitu,” nilimsikia bibi akisema nyuma ya ukuta. “Mtu asiyejua kitu hali namna hii.”

Nilichukua damu mara ya pili. Tukaendesha kipimo kimya kimya kama watu wanaoiba. Tukawasha taa. Njia ya maji ilikuwa safi, nyeusi tii. Njia ya Fotunata: mstari wa juu umekoza, na chini, mistari miwili hafifu, ileile. Nilimtazama Dokta kwa furaha yote ambayo mtu anaweza kuitia machoni bila kusema. Yeye alikaa chini. Akatazama picha kwa muda mrefu, akaisogeza karibu na uso, akaiweka mbali.

“Sema,” akaniambia. “Nimekuruhusu. Mtoto aliyebeba anarithi nusu kwa mama na nusu kwa baba, sivyo? Kwa nini basi mistari ya chini ni myembamba hivi? Mtu haumbwi robo. Na maji ni safi, kwa hiyo safari hii si sisi. Kuna kitu kimeingia kabla kadi haijafika hapa. Damu ulichukua wewe?”

“Mimi.”

“Ulinawa? Ulivaa glavu?”

“Nilinawa, nilivaa. Nilifuta kisigino kwa spiriti, nikasubiri kikauke, nikachoma. Sikusema hata neno.”

“Chumbani alikuwepo nani?”

“Mtoto, mama yake, na bibi.”

“Bibi alifanya nini?”

“Hakufanya kitu, Dokta. Alimbariki tu mtoto, kabla sijachoma.”

“Alimbariki vipi?”

“Kama kawaida.”

“Kawaida gani, Zuhura?”

“Si alimtemea mate mguuni. Kidogo tu. Akapaka kwa kidole gumba.”

Odilia alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Dokta Kalisti, mtu aliyepiga marufuku pumzi, alisimama, akafungua mdomo, akaufunga, akatoka nje uani, na kutoka huko tukamsikia akipiga kelele moja ndefu isiyo na maneno iliyowafanya kuku wa hospitali watawanyike. Lakini nani angenilaumu? Bibi yangu mwenyewe alinitemea mate utosini siku niliyokwenda chuo. Mzee akimtemea mtoto mate ya baraka, huoni kitu kimetendeka, kama usivyoona mtu akipepesa macho. Ningeambiwa nieleze vyote vilivyokuwemo chumbani mle, ningetaja mpaka kalenda ya ukutani, lakini mate nisingeyataja.

Dokta alikuja Lizaboni mwenyewe jioni ileile. Bibi Gaudensia aliposikia kwamba mgeni ni Mhehe, aliuacha mwiko ndani ya ugali.

“Mtani! Leo umekuja mwenyewe. Babu zako walipowaona babu zetu hawakusubiri kukaribishwa, walikimbia wakaacha milango wazi.”

“Walikwenda kunoa mikuki, mama. Wangoni ndio waliochoka kungoja wakalala.” Akavua kofia. “Nimekuja kuomba mate yako.”

“Haya, kumekucha. Mhehe ameishiwa na kila kitu mpaka mate.”

Akamweleza, na hakumficha, kwamba mate yake yamechanganyika na damu ya mjukuu na hatuwezi kujua kipi ni cha nani. Bibi akachukua kijichupa, akageukia ukuta kwa heshima, akatema, akakirudisha kimefunikwa kwa kiganja. Kisha ikaja zamu ya mtoto. Nilifuta kisigino, na bibi akanyanyuka kama alivyonyanyuka siku zote.

“Mama, hapana,” akasema Dokta.

“Nimchomeshe mtoto bila baraka? Unanijua?”

“Mbariki baadaye.”

“Baadaye sindano imeshaingia! Baraka ya baadaye ni ya nini?” Alikuwa amesimama kati yangu na mtoto, na nikaona kwamba halikuwa jambo la ukaidi. Hata Yordani alikuwa amembariki kila alipoletwa kwake, na bado akaondoka. Hakuwa tayari kupunguza chochote safari hii. Leokadia alikuwa ameanza kulia. Ndipo Dokta Kalisti, ambaye alinawa mikono baada ya kushika kitasa, alipiga magoti juu ya mkeka, akainamisha ule upara wake mbele ya Bibi Gaudensia, akasema, “Basi niwekee mimi hiyo baraka, nimpelekee. Mimi ndiye nitakayemsoma.” Bibi alimtazama kuona kama ni utani. Haukuwa. Akamtemea mate upara mzima, bila ubahili, akapaka kwa gumba huku na huku akinong’ona Kingoni. Nikachoma. Dokta alirudi kazini akiwa hajajifuta, na Odilia aliapa kwamba hakunawa kichwa mpaka kipimo kilipokwisha, ingawa alijifunga mfuko wa nailoni ili asilete maafa.

Tuliendesha pamoja: maji, mama, baba, bibi, mtoto. Umeme, angalau siku hiyo, ulituheshimu. Taa ilipowaka, njia ya maji ilikuwa nyeusi. Mama mitatu. Baba mitatu. Bibi mitatu, imara, imenyooka. Njia ya Fotunata ilikuwa na mstari mmoja, juu, na chini yake hapakuwa na kitu. Nilitazama pale palipokuwa na ile mistari miwili hafifu, ile niliyoila na ugali kwa majuma yote yale, na ilikuwa giza tu. Hakuna aliyevunja sheria ya kimya. Odilia aliniwekea mkono mgongoni.

Dokta ndiye aliyewaambia, sebuleni, akiwa na picha mbili mkononi. Leokadia aliisikiliza habari yote akiwa ameinama, kisha akauliza maswali kama mtu aliyeyapanga siku nyingi: dawa gani, kila siku au kwa wiki, maji kiasi gani, homa ikija ampeleke saa ngapi. Dokta akajibu yote. Bibi Gaudensia alizichukua picha, akazigeuza kuelekea dirishani.

“Wapi mimi?”

Nikamwonyesha.

“Na hii ya kabla yake, mliyosema imechafuka. Hapa chini. Hii miwili myeupe ni mate yangu?”

“Ni mate yako, bibi.”

“Kwa hiyo yalifika.” Akapitisha gumba juu ya ile mistari. “Yalifika kabisa, mpaka ndani. Sasa, mtani, haiwezekani kuiacha? Si mimi nimeshazeeka, sina kazi nayo. Mwandikie tu yeye.”

Dokta Kalisti akamwachia picha ile ya kabla.

Miezi iliyofuata bibi alijigeuza kikosi. Alifunga chandarua cha mtoto kama mtu anayefunga mzigo juu ya lori. Alisimamia vidonge saa moja asubuhi na kumkemea Leokadia akichelewa hata kidogo. Baridi ya Juni ilipoingia, ile ya Songea inayofanya watu wavae makoti mawili sokoni, Fotunata alivalishwa sweta juu ya sweta mpaka mikono yake ikasimama pembeni kama ya msalaba. Wageni walikaribishwa kumwona, ila kwa mbali. “Unakohoa? Keti pale kwa jirani, nitakusalimia.”

Na baridi ikaingia hata hivyo. Asubuhi moja ya Julai niliamka nikasikia ukuta wa pili Leokadia akisema jina la mama yake, kwa sauti kavu. Nilipotoka nikivaa sare ya kazi, alikuwa amemfunua mtoto viganja. Vidole vilikuwa vimevimba, vinono, vinang’aa, na Fotunata alikuwa analia kilio chembamba ambacho si cha hasira. Leokadia alikuwa amesimama tu. Alikuwa ameviona vidole vile zamani.

“Mafuta?” akauliza jirani mmoja aliyechungulia. “Mkandeni.”

“Nani amkande?” Bibi Gaudensia alikuwa ameshavaa viatu, kimoja chake kimoja changu. “Zuhura, chupa ya maji. Leokadia, mbebe. Twende.”

Tulifika na bodaboda mbili hospitali ikiwa ndiyo inafunguliwa. Daktari wa zamu alikuwa kijana mgeni, hajakaa hata wiki Songea. Aliinua peni aanze kuuliza: umeanza lini, amekula nini, mmempa dawa gani ya kienyeji. Bibi aliweka viganja vyake juu ya meza.

“Baba, usituulize kama watu waliopotea. Huyu anaitwa Fotunata, ana sikoseli, tulijua hata arobaini yake haijaisha. Amepimwa na Mhehe, lakini amepimwa vizuri. Ana mstari mmoja, uko juu. Chini hakuna kitu. Pale chini palikuwa na mimi nikaambiwa nitoke, nikatoka. Kimeng’enya mwenyewe alikataa kumkata. Dawa anakunywa kila siku, maji nimeleta, homa imeanza alfajiri. Sasa wewe fanya ya kwako.”

Yule kijana alimtazama bibi, akanitazama mimi na sare yangu ya maabara, akaona nimetikisa kichwa kukubali. Sidhani kama alielewa hata nusu. Lakini jina la ugonjwa alilielewa, na lilikuwa limefika kabla ya mtoto kuchoka. Aliweka peni chini, akasimama, akamchukua Fotunata mikononi mwa mama yake, akaanza kuita manesi.